Mdalasini nunueni gome, si unga

Mhariri,

Sokoni hapa Mtwara, na hata Masasi, unga wa mdalasini unauzwa kwenye vipakiti kwa maneno ya "dawa ya sukari: kijiko asubuhi, kijiko jioni". Mnunuzi haambiwi ni mdalasini gani, na tatizo linaanzia hapo.

Huu wetu wa Zanzibar na Tanga, wa asili ya Sri Lanka, gome lake ni jembamba, limejikunja tabaka nyingi, ukilibana kwa vidole linavunjika. Mwingine, kasia, hutoka China, Vietnam na Indonesia: gome nene, la tabaka moja, gumu kusagika. Ladha yake ni kali zaidi, basi watu hudhani ndiyo bora. Kumbe kasia ina kumarini nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye gome, na kumarini ikizidi huumiza ini. Kwa mtu wa kilo 60, gramu 2 za kasia kila siku, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai, zaweza kumfikisha kwenye kikomo cha kumarini kilicho salama kwa siku. Mtoto wa kilo 15 hufika kwa nusu gramu. Ukishasagwa, kwa macho hutambui upi ni upi. Tena unga huchakachuliwa: mwaka 2023 huko Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi kwenye damu baada ya kula rojo la matufaha lililotiwa mdalasini wa unga.

Matumizi ya wazee wetu, kwa tumbo lililojaa gesi au mafua, hayana ugomvi. Ni kiasi cha jikoni. Kwa lita 1 ya chai, kijiti cha urefu wa kidole kinatosha. Kitie maji yangali ya baridi, funika, moto mdogo, dakika 10 hadi 15. Ukiacha wazi, mafuta yenye harufu yanaondoka na mvuke. Unga ukiuchemsha hutoa ute, chai inateleza. Kwenye pilau, kijiti kitangulie kwenye mafuta. Unga huungua upesi ukawa mchungu.

Kuhusu kisukari, matokeo ya utafiti yanapingana. Asiache mtu vidonge vyake. Anayekunywa vidonge huku anabugia unga, sukari yaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.

Wauzaji nao waandike kwenye pakiti aina ya gome, lilikotoka na tarehe ya kusagwa.

Muuza viungo,
Mtwara mjini