Barua kwa mdogo wangu: sikiliza The Midnight Organ Fight, halafu tuongee

Mdogo wangu,

Najua mesej zangu umezisoma, tiki za bluu naziona, na najua hutaki kujibu kwa sababu ukijibu tu itabidi useme kitu kuhusu yule binti mliyeachana naye. Basi usijibu. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu walio kwenye hali kama yako sa hivi ni wengi na wengine hata dada wa kuwasumbua hawana, jina lako silitaji, la kwake pia silitaji, we mwenyewe utajijua.

Nimekuwa nikifikiria nikwambie nini maana kila mtu hapo nyumbani ashakwambia la kwake. Mjomba kasema jikaze wewe mwanaume. Rafiki zako wanasema wanawake wapo wengi, twende tukatoke. Mama anakuombea na anakupikia na we huli. Wote wanakupenda ila hamna hata mmoja anayekuacha uumie, yaani wote wanataka umalize haraka ili wao wapumue. Sasa mi nakuletea albamu. Najua utasema dada na mambo yake, lakini nisikilize kwanza.

Inaitwa The Midnight Organ Fight, ya bendi moja ya Uskoti, Frightened Rabbit, ilitoka Aprili 2008. Ni magitaa na dramu, muziki wa roki wa bendi ndogo isiyokuwa na hela, na anayeimba anaimba kwa lafudhi ya kwao kabisa, hajaipiga pasi ili Wamarekani wamwelewe. Mwanzoni utapitwa na maneno mengi, tafuta mashairi mtandaoni uyasome huku unasikiliza. Na tumia hedifoni, usiweke kwenye spika mama akiwa sebuleni, kuna matusi humo ya wazi kabisa.

Aliyeandika zile nyimbo anaitwa Scott Hutchison, mtoto wa Selkirk, mji mdogo huko kusini mwa Uskoti karibu na mpaka wa Uingereza. Alipokuwa mdogo alikuwa na aibu sana mpaka mama yake akawa anamwita sungura mwenye hofu, yaani frightened rabbit, na alipokua akalichukua jina hilohilo akalifanya jina la kazi. Hebu fikiria, mtu kachukua kile kitu ambacho wengi tungekificha akakiandika kwenye bango la shoo. Alisoma uchoraji kwenye chuo cha sanaa cha Glasgow, akaanza kuimba peke yake, baadaye mdogo wake Grant akaja kukaa nyuma kwenye dramu. Hilo la mdogo wake nitalirudia.

Albamu ya kwanza ilikuwa ishatoka 2006, ila hii ya pili ndo ile ambayo watu wakiisikia wanakaa chini. Mapenzi yake yalikuwa yamevunjika na yeye akaandika yote, wakaenda Marekani, Bridgeport kule Connecticut, kurekodi kwa prodyuza Peter Katis, yule aliyefanya kazi na bendi za The National na Interpol. Katis kaipa sauti kubwa, gitaa zinapanda taratibu mpaka unahisi kifua kimejaa, lakini ile sauti ya jamaa kaiacha mbele kabisa ikiwa na mikwaruzo yake yote, unasikia pale pumzi inapomwishia.

Sasa nikwambie kwa nini hii na sio nyingine. Sisi tumelelewa na nyimbo za kutendwa ambazo aliyetendwa ndo msafi. Taarab, bongo fleva, zote, mimi mwema wewe mbaya, nilikupa moyo ukautupa, Mungu atakulipa. Nazipenda na nazicheza, lakini siku umepigwa chini kweli zinakupa hasira tu na hasira ikiisha usiku unabaki na kile kitu kilekile. Scott hajisafishi. Wimbo wa kwanza kabisa, The Modern Leper, anajiita mkoma wa siku hizi, mtu aliyeharibika anayemshangaa mwanamke aliyerudi kumwona tena, anamuuliza kabisa we unapenda mateso au vipi. Ndo anafungulia albamu hivyo! Hajasema umenikosea nini, kaanza na ubovu wake mwenyewe, na anaimba kwa nguvu kama mtu anayepiga mlango.

Halafu wa pili, I Feel Better. Huu nataka uusikilize vizuri maana huu ni wewe. Anasema nimepona, niko poa sasa, huzuni zangu nimezifungia kwenye kasha lenye kufuli ndani ya chumba chenye kufuli, na anarudia na kurudia kwamba huu ndo wimbo wa mwisho ninaoandika kuhusu wewe. Wa mwisho. Albamu ina nyimbo kumi na nne, mdogo wangu. Huo ni wa pili. Nakumbuka kipindi kile na mimi nimeachwa, naishi kile chumba cha kupanga Mwanza, nilivyofika hapo nilisimamisha nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, kwa sababu kuna mtu alikuwa hatimaye anasema ule uongo ambao wote tunausema, ule uliomwambia mama juzi ukiwa unatabasamu, na bendi nzima inapiga kwa furaha kabisa nyuma yake kana kwamba inamwamini.

Na baada ya hapo ndo mambo yanatoka. Wivu upo, Good Arms vs. Bad Arms, anakiri kwamba pengine hata hamtaki tena arudi ila huyo mwanaume mpya anatamani kumuua, na ni kweli hivyo ndo inavyokuwa, we mwenyewe unajua umeangalia picha za yule kijana mara ngapi. Upo Old Old Fashioned ambao ukiusikia haraka utadhani ni wa kucheza tu, anamwambia mwenzake zima tivii inatuua hatuongei, washa ile redio iliyoko kwenye kona tucheze hapahapa sebuleni kama zamani. Huo ndo unaniuma kuliko hata ile ya kulia, maana anaomba kitu kidogo sana na unajua hakitawezekana.

My Backwards Walk ni wa mtu anayejaribu kuondoka kinyumenyume. Anataka kumfuta mwenzake kichwani ila hana vifaa vya kazi hiyo. Akitaka kutoka nguo zake zinakataa, suruali yake imependa sakafu ya chumba cha yule mwanamke. Suruali! Hajaongelea moyo wala nyota wala bahari, kaongelea suruali iliyolala chini. Nilivyosikia pale nilimwamini kwa kila kitu kingine alichosema, kwa sababu anayetunga anaongelea moyo, anayekumbuka anaongelea suruali.

Keep Yourself Warm usikilize kabla hujatoka na wale rafiki zako wa wanawake wapo wengi. Anasema kwa lugha chafu kuliko nitakavyoiandika hapa kwamba kulala na mtu usiyemjua hakutakupa joto unalolitafuta, na analisema kama mtu aliyejaribu. Unaanza polepole halafu unapanda mpaka unakuwa kama uwanja mzima unaimba. Sikufundishi cha kufanya na mwili wako, umeshakuwa mtu mzima, nakwambia tu alichokikuta mwenzako aliyepita hapo kabla yako.

Zile fupi za katikati, Bright Pink Bookmark na Extrasupervery, zikikupita sio mbaya. Ila Poke, namba kumi na mbili, huo kaa chini. Gitaa moja linadonolewa polepole na yeye anaimba karibu kabisa na maiki. Anamwambia mwenzake angalia picha zetu za zamani, nilikupenda kwenye kila moja ya hizo, lakini mtu akitupiga picha leo itabidi aambiwe kwamba sisi tuliwahi kulala tumekumbatiana. Asiyejua akituona atadhani huyu ni dada yake huyu, ila pua haziendani. Mi sijui mtu mwingine aliyeelezea vizuri hivyo jinsi watu wawili wanavyokufa wakiwa bado wanaishi nyumba moja, wamekuwa kama ndugu, wanapishana koridoni wanaulizana chai ipo. Nyie mwaka wenu wa mwisho ulikuwa hivyo. Niliwaona kwenye harusi ya binamu mmekaa meza moja, wewe unaangalia simu na yeye anaangalia simu.

Na humohumo kwenye Poke kuna kile nilichotaka kukwambia tangu mwanzo wa barua. Anasema anachukia anavyojisikia sasa, lakini yeye hajawahi kumchukia kamwe. Mdogo wangu, kila mtu anakulazimisha umchukie yule binti ili upone na mi naona haikuingii, unajaribu, unaposti mafumbo, halafu usiku unayafuta. Huna haja. Unaweza kuwa umeumia hivi na bado ukawa hujamchukia, na hiyo haikufanyi uwe mjinga wala haimaanishi unasubiri arudi. Kuna mtu aliimba hivyo mbele ya kumbi zilizojaa wanaume wazima wenye ndevu, wanalia na wao wanaimba naye, hamna aliyewaambia wajikaze.

Sasa inabidi nikwambie na jambo lingine kwa sababu ukitafuta jina lake utalikuta, na naona bora ulisikie kwangu. Scott alifariki Mei 2018, akiwa na miaka thelathini na sita. Alijitoa uhai. Miezi michache kabla ya hapo bendi ilikuwa inazunguka kuipiga albamu hii yote kusherehekea miaka kumi yake. Na kwenye albamu yenyewe, wimbo wa kumi na tatu, Floating in the Forth, alishaliongelea jambo hilo, mawazo ya kufa, na mwisho wa wimbo anaamua kuliahirisha, anasema ataliacha kwa mwaka mwingine. Miaka yote hiyo watu waliuimba wakiuchukulia kama wimbo wa ushindi, na kwa kweli ulikuwa hivyo, umewasaidia wengi kuvuka usiku. Lakini kuimba jambo mbele ya maelfu sio sawa na kumwambia mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Hilo ndo nimekaa nalo, na ndo limenifanya niandike leo badala ya kusubiri mpaka sikukuu.

Familia yake mwaka 2019 walianzisha shirika la kusaidia afya ya akili ya watoto na vijana kule Uskoti, wakaliita Tiny Changes, jina limetoka kwenye wimbo wa nane humo humo, Head Rolls Off, pale anaposema akiwa hai atafanya mabadiliko madogo duniani. Na mwaka huohuo wanamuziki wengine, Biffy Clyro, Julien Baker, Daughter na wengine, walitoa albamu ya kuziimba upya hizi nyimbo. Kwa hiyo ukisikiliza usisikilize kama unaingia kaburini. Kuna uhai mwingi sana humo, kuna sehemu utacheka, kuna sehemu utataka kurusha mikono juu.

Na sasa lile la mdogo wake. Karibu kila wimbo ambao Scott anajianika, Grant yuko nyuma anapiga dramu. Sikiliza mwisho wa The Modern Leper jinsi anavyopiga, anapiga kama mtu anayemwambia kaka yake endelea, sema yote, mi nipo hapa siondoki. Hamkatizi, wala hamtafutii maneno mazuri zaidi. Mi ndo nataka kuwa hivyo kwako. Sitakwambia jikaze, sitakwambia wapo wengi, na sitamsema vibaya yule binti maana na mimi nilimpenda, alikuwa wifi yangu hata kama hamkufika kwa sheikh.

Ila swali moja nakuuliza na nakuuliza waziwazi, bila kuzunguka: mawazo ya kufa yamekujia? Kama hayajakujia niambie hapana nitalala vizuri. Kama yamekujia, hata mara moja, hata usiku mmoja tu halafu yakapita, niambie. Sitapiga kelele. Sitaitisha kikao cha ukoo. Tutaongea mimi na wewe kwanza, halafu tutaenda hospitali kumwona daktari pamoja, nitakaa kwenye benchi pale nje mpaka utoke, na nauli ni juu yangu. Hilo sio jambo la kuahirisha mpaka mwaka mwingine, ni la leo, saa yoyote, hata saa tisa usiku simu yangu iko wazi na sauti nimeipandisha.

Bando nimekuwekea tayari, angalia mesej ya mtandao utaiona. Anza na Poke kama huna nguvu ya albamu nzima, kama unayo anza mwanzo ufuate mpangilio wake, usiruke. Wimbo utakaokugusa niandikie namba yake tu, we andika kumi na mbili, au tisa, au hata mbili, mi nitaelewa uko wapi na nitakupigia. Na Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, niandalie pa kulala, chumba chako nishakijua kilivyo sahivi wala usikifagie.

Dada yako