Kila mtu ana kitu cha kunimezesha, hakuna anayeuliza mshono wangu

Shikamoo dada mshauri,

Nimeshaivuka wiki ya 40 ya ujauzito na uchungu haujanishika. Mtoto anacheza vizuri, presha yangu iko sawa, na kliniki hawana wasiwasi nami. Wenye wasiwasi ni watu wa nyumbani, na ni kwa ajili yao nimeshika simu kukuandikia usiku huu badala ya kulala. Ingawa kulala kwenyewe na tumbo hili ni kugeukageuka tu mpaka kunakucha.

Hii ni mimba yangu ya pili. Ya kwanza nilijifungua kwa upasuaji kwa sababu mtoto alitanguliza makalio na hakugeuka hadi siku ya mwisho. Safari hii kichwa kiko chini, na daktari, baada ya kusoma maelezo ya upasuaji ule, aliniambia ninaweza kujaribu njia ya kawaida. Nataja kwamba alisoma maelezo kwa sababu kovu la nje halikuelezi kizazi kilikatwaje ndani. Changu kilikatwa sehemu ya chini, kwa mlalo, na huo ndio mkato unaovumilia uchungu vizuri zaidi. Alisema wanawake wa hali yangu wakijaribu, karibu robo tatu yao hufanikiwa. Hakunificha na upande wa pili: mshono wa ndani unaweza kuachia wakati wa uchungu, na hilo humpata mama mmoja hivi katika kila 200. Uchungu ukianzishwa kwa dawa, hatari hiyo inapanda mara mbili hadi mara tatu.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikaa kichwani. Ikiwa dawa ya hospitali, iliyopimwa, mkunga akiwa pembeni na mashine inasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, bado inapandisha hatari, je, kitu nilichokinywa jikoni bila kipimo? Dripu ikizidi mkunga anaifunga. Nilichokwisha kukimeza nani atakifunga?

Swali hilo nimewauliza watu na halipati wa kulijibu. Tangu tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ipite, simu yangu haipoi. "Bado tu?" "Huyo mtoto anangoja nini?" Shoga yangu mmoja haanzi tena hata na salamu. Nimewaeleza kwamba tarehe ile ni hesabu tu ya siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kwamba wanaojifungua siku hiyohiyo ni wachache sana, kama wanne au watano katika kila mia. Wapi! Kwao ni tarehe ya kulipa deni. Ikishapita unafuatwa mlangoni. Na usidhani labda mimba imehesabiwa vibaya: altrasaundi nilipiga mapema, mimba ikiwa changa, na ilikubaliana na hedhi yangu.

Basi kila anayeingia ana dawa yake. Kula nanasi. Kunywa chai ya majani ya rasiberi. Panda ngazi, shuka, panda tena. Nimejitahidi kusoma nisije nikakataa kwa ukaidi tu. La nanasi halikunichukua muda: kimeng'enya kinachosifiwa kinavunjwavunjwa tumboni kama chakula kingine, na hakuna ushahidi kwamba kinafika kwenye kizazi. Ya rasiberi nayo sikuona kitu cha kutegemea. Kutembea natembea jioni kwa sababu kunanipunguzia maumivu ya mgongo, na hilo linanitosha.

Tende nimekula, na nimezila kwa moyo mmoja. Kuna utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011: wanawake waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho walifika hospitali mlango wa kizazi ukiwa umefunguka zaidi kuliko wenzao wasiokula, na wengi zaidi walishikwa na uchungu wenyewe. Ulikuwa utafiti mdogo, na wanawake hawakugawanywa kwa kura nani ale na nani asile, kwa hiyo siuapii. Lakini tende hazimdhuru mtu asiye na kisukari, na sukari yangu ilipimwa ikaonekana nzuri. Nilivyoelewa mimi, kama zina kazi basi ni kuandaa njia taratibu, wala hazimtoi mtu kitandani usiku akiwa na uchungu. Mama mkwe amezidharau kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu tendo la ndoa, hiyo ndiyo dawa pekee ambayo mume wangu aliisoma maelezo yake yote hadi mwisho. Shahawa zina prostaglandini, kemikali ya aina ileile inayolainisha mlango wa kizazi, ndiyo maana watu wanaiamini. Tafiti zilizowalinganisha wanandoa hazikuonyesha kwamba inaleta uchungu mapema. Mkunga alisema maadamu chupa haijapasuka, sitoki damu na kondo la nyuma limekaa mahali pake, tusijinyime wala tusijilazimishe. Mume alilipokea neno "tusijinyime", la pili sijui kama alilisikia.

Kusugua chuchu kumenipa mawazo zaidi. Kwa hili ushahidi upo: mwili unatoa oksitosini, homoni yenyewe ya uchungu, na kwa akina mama ambao mlango wa kizazi umeshaanza kulainika, wanaoingia kwenye uchungu ndani ya siku tatu huwa wengi kuliko wale wasiofanya hivyo. Ila majaribio hayo yalihusu wanawake wasio na hatari yoyote. Jaribio moja lililowahusisha wajawazito wenye hatari lilisimamishwa baada ya vifo vya watoto tumboni. Mwenye mshono kama mimi naona si wa kulifanya hilo peke yangu chumbani. Nikamwambia shoga yangu aliyenitumia video ya maelekezo, akanijibu, "Wewe unasoma sana."

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii, mafuta ya nyonyo.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi mimba ilipoingia mwezi wa tisa. Nakuapia, dada, ni mama mwenye upendo. Mtoto wetu mkubwa analala naye, nguo zangu hakubali nizifue, miguu ikinivimba ananikanda. Alikuja na kichupa cha mafuta ya nyonyo, amekizungushia mfuko wa nailoni na raba, akakiweka kabatini karibu na majani ya chai. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alikunywa kwa mimba zake, usiku akaharisha, asubuhi akajifungua. "Na wote wazima, mmoja ndiye uliyeolewa naye." Hoja hiyo utaijibuje?

Sisemi kwamba mafuta hayo hayafanyi kazi. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba asidi iliyomo ndani yake inashika mahali palepale ambapo prostaglandini hushika, kwenye utumbo na kwenye kizazi, ndiyo sababu kinachoharisha ndicho kinachobana tumbo. Mimi kinachonitisha ni kwamba yanafanya kazi bila mtu kujua yatafika wapi. Mjamzito anatapika na kuharisha mpaka anaishiwa maji mwilini, halafu ndiyo anatakiwa aanze kazi ya kuzaa. Mikazo inaweza kuja ya kukaribianakaribiana, kizazi kisipate kupumzika, na kizazi kisipopumzika mtoto anakosa hewa. Na kwa mwenye mshono nilikuta, katika maandiko ya madaktari, habari ya mama aliyepasuka kizazi baada ya kuyanywa. Ni mama mmoja, najua. Lakini mimi nina kizazi kimoja.

Nilimweleza mama kwa adabu, tumekaa wawili. Nikamwambia, "Mama, wewe hukupasuliwa, mimi nimepasuliwa." Akaniomba nimwonyeshe kovu. Akalipapasa kwa kidole, akasema limepona hata halionekani, kwa hiyo hofu yangu ni ya vitabuni. Nikamwambia daktari anazungumzia la ndani. Akanyamaza, na nikadhani yamekwisha.

Juzi nafungua kabati kutafuta majani ya chai, nakuta raba ya kile kichupa imefunguliwa na mafuta yamepungua. Hayajapungua sana, kama vijiko viwili hivi. Dada, mafuta ya nyonyo watu hupaka nywele, na mama mkwe nywele zake anazitunza. Inawezekana kabisa kwamba alijipaka. Inawezekana pia kwamba yameingia kwenye kitu. Sijaharisha, tumbo halijanibana kuliko kawaida yake, kwa hiyo akili yangu inaniambia sikunywa chochote. Lakini tangu siku hiyo nanusa kila kikombe kabla hakijafika mdomoni. Chai yangu naipika mwenyewe, na nimeanza kusema sina hamu ya chakula hadi mume arudi tule sahani moja. Mama ameligundua hilo. Jana alimuuliza mwanawe, nikiwa chumba cha pili, "Mke wako ananiona mimi mchawi?"

Mume wangu yuko katikati. Kwangu anasema mama hawezi kufanya jambo kama hilo, kwa mama anasema wajawazito huwa na mambo. Nimemwomba akichukue kichupa akitupe. Amesema akikitupa, atakuwa amemtuhumu mama yake bila ushahidi. Hapo naona ana haki. Ila mwenye mshono si yeye.

Kwa upande wa hospitali mipango ipo, na naiandika ili usinione mtu wa kungoja tu. Nikifika wiki ya 41 watapima maji yanayomzunguka mtoto na kusikiliza mapigo yake kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri uchungu uanzishwe wiki 41 zikitimia kwa uhakika, kwa sababu kadiri mimba inavyozidi kwenda mbele hatari ya mtoto kufia tumboni inaongezeka. Kwa hiyo najua kungoja nako kuna mwisho wake. Daktari amesema misoprostoli, vidonge vya kuanzishia uchungu, havimfai mwenye mshono. Nikifika huko nitachagua kati ya ule mpira mwembamba wenye puto unaojazwa maji ndani ya mlango wa kizazi, halafu labda dripu kidogo, au kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji wa kupangwa. Nimeambiwa pia kwamba mtoto akipunguza kucheza niende siku hiyohiyo bila kusubiri miadi. Ile habari ya kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa, mkunga amesema niitoe kichwani kabisa.

Mkunga amenipa njia nyingine ya katikati. Kwenye kliniki ijayo, kama mlango wa kizazi umefunguka kiasi cha kupitisha kidole, anaweza kuuzungushia kidole ndani na kuuachanisha utando wa mfuko wa maji na ukuta wa kizazi. Mwili unatoa prostaglandini zake wenyewe, hakuna dawa inayoingia. Inauma, unaweza kutoka damu kidogo na kubanwa na tumbo bila uchungu kuja, ila inapunguza idadi ya wanaohitaji kuanzishiwa. Alisema mshono wa aina yangu hauizuii. Mimi nimeelekea kukubali. Wifi yangu amesikia, akaniuliza, "Kama unakubali kuingiziwa kidole, mafuta ya mama yana kosa gani?" Na amelisambaza swali hilo kwenye kundi la familia, sasa wananiona mtu wa kuchagua dawa za wazungu na kudharau za mama.

Nifanyeje na mama mkwe? Nikimuuliza waziwazi kama alitia mafuta kwenye chai yangu na kumbe alijipaka nywele, nitakuwa nimevunja kitu ambacho mtoto akizaliwa nitakihitaji sana, maana ni yeye atakayenilea mimi na mwanangu. Nisipomuuliza, nitaendelea kunusa vikombe ndani ya nyumba yangu mpaka siku ya kwenda hospitali. Nimewaza kwenda naye kliniki, aingie ndani, mkunga amweleze habari ya mshono akiwa anasikia kwa masikio yake. Mume anaogopa ataona ameletwa kusutwa mbele za watu. Mimi nadhani anaweza kumsikiliza mama mtu mzima mwenzake aliyezalisha wengi kuliko anavyonisikiliza mimi. Wewe unaonaje? Na kama ni kwenda naye, nimwambie kabla tunakwenda kuzungumzia nini, au nimwache ayakute huko?

La kuchagua kati ya puto na upasuaji nitalimaliza na daktari wangu. Hili la mkwe ndilo naomba unijibu, na kama unaweza, mapema.

Wasalaam,
Mwenye Mshono