Mfundisheni mwenye gereji, si kijana wa spana

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu lilipokuwa likifika hapa Jinja na basi la jioni, limeshasomwa na kondakta na kukunjwa vibaya, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Yaliyonikera nilimwambia mke wangu, yakaishia hapo. Lakini ile habari yenu ya semina ya taka hatarishi kazini, yenye picha ya wageni waalikwa wameshika chupa za soda, imenishinda.

Mgeni rasmi, kwa jinsi mlivyomwandika, alisema tatizo ni mafundi wetu kukosa uelewa, hivyo wahamasishwe. Mwandishi wenu akalimeza hilo bila kuuliza swali. Nimeitazama ile picha kwa miwani na bila miwani. Nimeona tai, nimeona suti, nimeona mama mmoja mwenye gomesi nzuri sana. Sikuona mkono hata mmoja wenye grisi. Sasa pale ukumbini alikuwa anahamasishwa nani?

Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha hapa mjini, zamani hizo Jinja ikiwa Jinja, filimbi za viwanda zikilia alfajiri na mtaa mzima wa Walukuba unaamka. Stoo yetu ilikuwa na tindikali, kostiki soda, rangi, thina na oili, pamoja na mabaki ya vyote hivyo, maana kilichoingia kipya hutoka kikiwa taka na ukali wake uko pale pale. Kanuni tulizofuata hazikuhitaji semina ya hotelini. Kila chombo kina mfuniko, na mfuniko haufunguliwi ila wakati wa kumimina. Kila chombo kimeandikwa kilichomo, hatari yake, na tarehe kilipoanza kujazwa. Hakijazwi hadi mdomoni, kwa sababu kimiminika hupanuka kikipata joto, na joto la stoo ya mabati unalijua. Tindikali inakaa kwenye plastiki nzito, kwani debe italitoboa. Tena haiwekwi rafu moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: viwili hivyo vikimwagikiana hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapipa ya oili yanasimama juu ya mbao, ndani ya beseni la saruji linaloweza kubeba ujazo wa pipa kubwa kuliko yote na asilimia 10 zaidi, ili likitoboka usiku oili isiufikie mfereji. Vitambaa vilivyofutia rangi ya mafuta vinatiwa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kuondolewa kila jioni, kwa kuwa vikirundikwa hujipasha moto vyenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Basi. Kijana aliyeishia P7, yaani darasa la saba, ataelewa yote haya kabla chai yake haijapoa.

Mwaka jana nilipeleka gari la mkwe wangu kwenye gereji moja, siitaji jina, nikakaa kwenye benchi kusubiri. Mezani, katikati ya spana, palikuwa na chupa za plastiki za maji ya kunywa. Moja ina oili ya breki, nyingine petroli ya kuoshea vyuma, nyingine maji kweli, na nyingine tindikali ya betri, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na maji, wala haina harufu ya kumshtua mtu. Kijana mmoja, wanamwita tanboi, yaani utingo, ingawa hakuna lori, akatoka chini ya gari na jua lile, akashika chupa, akapiga funda. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Wenzake wakaja mbio kwa nia njema, mmoja anataka kumtia kidole kooni atapike, mwingine anaulizia maziwa. Nikawafokea: asitapike! Tindikali iliyomuunguza ikishuka itamuunguza tena ikipanda. Tukamsukutulisha kwa maji, akatema, akasukutua tena, tukampakia kwenye gari la mteja mwingine hadi hospitali. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini nilimkuta miezi kadhaa baadaye anakunywa uji tu, na posho, huo ugali aliokuwa akimaliza sahani nzima, haimpiti kooni. Na bosi wake, Mhariri, aliporudi kutoka huko alikokuwa, alisema nini? Alisema kijana hana akili, angenusa kwanza. Anuse! Anuse kitu kisicho na harufu! Mwenye akili, basi, ni yule aliyenunua tindikali kwa jerikeni ya lita 20 kwa sababu ni nafuu, akaigawa kwenye chupa za kuokotwa, kisha akaona hasara kununua kalamu ya wino mzito ya kuandika neno moja la herufi tisa. Wiki iliyofuata nilipopita pale, kufuli jipya lilikuwa limewekwa kwenye sanduku la spana. Chupa zilikuwa mezani vile vile.

Na mtu asiniambie sheria haipo. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na kumweleza hatari ya anachokishika. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, pamoja na kanuni za taka za 2020, zinamwajibisha mwenye kuzalisha taka, na anayezisafirisha taka hatarishi sharti awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Wajibu huo hakupewa tanboi. Aliyepewa ni mwenye gereji, mwenye kiwanda, mwenye maabara, mwenye kliniki. Huyo ndiye hana uelewa, au anao na anaona bei ya beseni la saruji ni kubwa kuliko koo la mtoto wa mtu.

Siku ile ile pale gereji nilikuwa nimemwona fundi mwingine akimwaga oili chafu mferejini. Nilipomuuliza, akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, sasa tuipeleke wapi?" Hilo ndilo swali ambalo mwandishi wenu angeliuliza kwenye semina. Lori lenye leseni haliji kwa ajili ya dumu moja. Kwa hiyo oili inapakwa nguzo za uzio mchwa wasile, inamwagwa barabarani kutuliza vumbi, inapakwa hata vidonda vya mbuzi, na kila anayefanya hivyo anadhani ametumia vizuri kitu ambacho kingepotea bure. Oili iliyozunguka ndani ya injini hubeba vipande vya madini, madini ya risasi yakiwemo, na masizi yenye kemikali za kuleta saratani. Wamarekani wanasema galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji. Mfereji ule unashuka ziwani, na ziwani ndiko watu wa Masese wanakovua mukene, dagaa wa huku.

Betri je? Wanunuzi wa skrapu wanazitaka, lakini wanataka risasi, hawataki tindikali, kwa hiyo wanaipindua betri pale pale mlangoni na kuondoka nayo ikiwa nyepesi. Jirani zetu walishayaona haya. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, watoto wakalishwa risasi kwa pumzi na vumbi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sisi hapa tunaiyeyusha kwenye sufuria uani kutengeneza vyuma vya kuzamishia nyavu.

Wenye ofisi nao wasicheke. Taa ndefu za tyubu zina zebaki, na zikiungua zinavunjwa zitoshe kwenye gunia moja na maganda ya ndizi. Dampo la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likafukia watu na nyumba zao, tukabishana juu ya mvua na juu ya nani ajiuzulu. Kilichomo ndani ya mlima ule, uliopokea taka za Kampala tangu 1996, hatukukijadili.

Kwa kuwa nimeshaanza kusema, niseme na hili la jerikeni. Nendeni soko lolote la nchi hii mtaona jerikeni za bluu na za manjano zimepangwa vizuri, zinauzwa kwa akina mama wa kuchota maji. Zimetoka wapi? Nyingine zilikuwa na mafuta ya kupikia, sawa. Nyingine zilikuwa na dawa ya kuua magugu, dawa ya kuogesha ng'ombe, kemikali za viwandani. Anayeuza huibandua lebo yenye fuvu la kichwa, huisuuza kwa omo na mchanga, na usiku ule ule imebeba pombe ya tonto au waragi kwenye harusi ya watu. Plastiki hunywa dawa. Kuosha hakuondoi yote. Askari wa jiji wanamkimbiza mama mwenye beseni la ndizi hadi viatu vinamtoka, lakini wakipita mbele ya yale majerikeni wanauliza bei. Tumepigia kelele kavera, mifuko ya plastiki, miaka na miaka, ikapigwa marufuku kwenye karatasi na bado tunabebewa nayo sukari. Sumu yenye mkono wa kubebea haijamkera mtu.

Nipendekeze nini? Leseni ya biashara ya gereji isitolewe upya mpaka mwenyewe afike, yeye, si karani wake, na risiti inayoonyesha oili yake na betri zake zilikwenda wapi. Akisema hakuna pa kupeleka, vizuri, huo ndio mwanzo wa mazungumzo na jiji: kila kata ipate banda moja lenye paa, sakafu ya saruji na mlinzi anayelipwa mshahara, si ahadi, ambapo dumu moja la fundi mdogo linapokelewa bila maneno, na lori lenye leseni linakuja likishajaa. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, anajua gereji zote za eneo lake. Anazijua sana wakati wa michango. Na mpaka banda lijengwe, naomba sheria ndogo: kila Ijumaa mwenye gereji ale chakula chake cha mchana kwenye ile meza yenye chupa, na achague mwenyewe ya kushushia. Anuse, si alisema inatosha?

Kuhusu jerikeni, dawa yake ni msumari wa inchi sita. Jerikeni ya kemikali ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya suuza yamiminwe kwenye ile ile pampu ya shambani au pipa la taka, yasimwagwe chini, kisha itobolewe matundu matatu kwenye kitako mbele ya mtunza stoo. Hakuna atakayeinunua ya matundu kuchotea maji. Hii haihitaji mfadhili.

Nawe Mhariri una sehemu yako. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na hapa Walukuba ndicho kinachomuunganisha Msoga, Mjaluo, Mnubi na Mgisu chini ya gari moja. Lakini karatasi ya usalama inayokuja na kemikali ina sehemu 16 kwa Kiingereza, na imefungiwa kwenye kabati la mhasibu. Ule ukurasa mliompa mgeni rasmi na soda yake, ungetosha kuchapa kwa herufi kubwa: funga, andika, tenga, usichanganye, usimwage. Chapeni Jumamosi moja, bila tangazo la mkopo nyuma yake, mafundi waukate wabandike ukutani. Nakala za gereji za mtaa huu nitazinunua kwa pensheni yangu, inapofika, na misumari nitatoa mimi.

Mtunza stoo mstaafu,
Walukuba, Jinja