Muziki wa magereza usiishie langoni

Mhariri,

Kila Desemba vikundi vya kwaya, chetu kikiwamo, huingia magerezani na sabuni, sukari na nyimbo. Tunaimba kwa saa mbili, wafungwa wanaitikia, askari jela wanapiga makofi, kisha tunaondoka. Mwaka unaofuata tunazikuta baadhi ya nyuso zilezile. Wengine bado wanatumikia vifungo. Wengine waliachiliwa, wakarudi.

Mmoja wao ni kijana hodari wa kayamba. Nilipomwuliza kilichomrudisha, alisema: "Mwalimu, humu ndani wenzangu wananisubiri nianze ndipo waimbe. Kule nje nani ananisubiri?" Waliompokea alipotoka ni wale wa maskani aliokuwa akiiba nao. Nyumbani kwao hata kaka yake alifunga mlango.

Ndiyo maana naandika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu tiba ya muziki kwa wafungwa ulionyesha kwamba inawaongezea kujithamini na uwezo wa kuishi vizuri na wenzao. Wasiwasi na sonona vilipungua zaidi pale vikao vilipozidi 20. Zaidi ya 20, Mhariri! Sisi tunakwenda mara moja kwa mwaka, tena sikukuu, halafu tunajiita wafadhili.

Simwambii mtu kwamba ngoma peke yake itamzuia mwizi kuiba. Anayetoka bila kazi, bila pa kulala, na jina lake limeshachafuka mtaani, ana mengi ya kumsukuma arudi alikotoka. Lakini yule kijana hakulalamikia njaa kwanza. Alilalamikia kukosa watu.

Norway waliliona hili mapema. Mwaka 1991, katika gereza la wanawake la Bredtveit mjini Oslo, ulianza mradi ambao jina lake kwa Kiswahili ni Muziki Gerezani na Uhuruni. Wanawake walijifunza gitaa, ngoma na kuimba katika bendi wakiwa ndani, na walipotoka wakaendelea kukutana na kupiga muziki nje. Neno lenye uzito kwangu katika jina hilo ni la mwisho.

Hapa Kenya tuna maafisa wa probesheni, wale wa serikali wanaowasimamia wahalifu nje ya gereza, katika kaunti zote, na kwaya, bendi za mitaani na vikundi vya ngoma havihesabiki. Magereza yaruhusu kipindi cha muziki kila wiki, chini ya mwalimu yuleyule, na mfungwa anapokaribia kutoka, afisa wa probesheni amkutanishe na kikundi cha karibu na kwao kabla hajavuka lango. Vyombo vya kuanzia havina gharama kubwa: kayamba na ngoma hutengenezwa hapahapa Pwani.

Najua wapo watakaouliza waathiriwa wa wizi wanapata nini. Nami nimewahi kuvunjiwa nyumba. Ningependa aliyenivunjia asivunje nyingine.

Kwaya yetu hufanya mazoezi Jumatano na Jumamosi jioni. Tumekubaliana kumpokea yeyote atakayeletwa na afisa wa probesheni, na sauti ya tatu tuna upungufu mkubwa.

Mwalimu wa kwaya,
Mombasa