Barua kwa mwanangu: kadi ya kliniki mmeisahau huku

Marangu, 8 Januari 2024

Mama,

Tunamshukuru Mungu mlifika salama. Huku tumebaki wawili na kimya chetu. Viti vya wageni bado viko chini ya mparachichi, mgongo wangu haujanipa ruhusa ya kuvirudisha ndani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu, nikifika tu kwenye neno dawa, mtandao wa kwako unaanza kusumbua. Barua nimeiweka juu ya ndizi. Hutafika kwenye ndizi kabla hujaishika.

Kadi ya kliniki ya kifafa ya mwanao, wajina wangu, mmeisahau. Mama yako ameiokota nyuma ya kitanda akifagia. Nasema mmeisahau, neno jingine sitaki kulitumia. Nilivaa miwani nikaisoma kama nilivyokuwa nasoma rejista ya darasa. Kuanzia Januari mpaka Septemba kila mwezi una muhuri wake wa bluu, mmoja umepigwa kichwa chini. Oktoba hakuna kitu. Novemba hakuna. Desemba hakuna. Nimefundisha miaka 34. Mtoto akikosa siku moja, ni mvua. Akikosa miezi mitatu, mwalimu hana budi kwenda nyumbani kwao kuuliza.

Basi ndiyo nimekuja kuuliza.

Tarehe 27 usiku niliamka kumtazama ng'ombe, nikaona taa inawaka chumbani kwenu na mlango haujafungwa vizuri. Mtoto alikuwa amepiga magoti, kichwa kinamwanguka kwa usingizi, na wewe unampaka mafuta kwenye paji la uso kutoka kile kichupa chenye picha ya mtu aliyevaa suti nyeupe. Sikuingia. Ningeingia ningesema maneno ya kuharibu sikukuu. Nilisimama pale na tochi yangu nimeizima, nikakuona unavyomshika kidevu kwa mkono wa kushoto ili asianguke, na nikajua kabisa kwamba hakuna mtu duniani anayempenda mtoto yule kukushinda. Lakini mafuta niliyaona, kidonge sikukiona. Siku zote mlizokaa hapa sikuona kidonge hata kimoja.

Mpeleke kliniki.

Ijumaa nilishuka Moshi na ile kadi mfukoni, nikamtafuta muuguzi mmoja niliyemfundisha darasa la tatu. Aliniambia dawa ya kifafa haikatwi ghafla, hata kama mtoto ana miezi hajaanguka. Daktari ndiye anayeipunguza, kidogo kidogo, tena baada ya mtoto kukaa muda mrefu, kama miaka miwili hivi, bila kuanguka. Ukiikata kwa mara moja, kuanguka kunaweza kurudi kwa mfululizo, kimoja juu ya kingine, mtoto hazinduki katikati. Hapo aliinamisha macho, hakuendelea. Nilitaka kununua vidonge nikutumie kwenye boksi hili, akanikataza. Alisema kipimo kinafuata uzito wa mtoto, na kwa kuwa amekaa bila dawa, daktari ndiye amwanzishie upya. Kwa hiyo usitafute kwenye boksi, havimo. Kilichomo ni kadi.

Halafu aliniuliza swali: "Alianza lini kuanguka, Mwalimu?" Nikashindwa kujibu. Ilibidi nimpigie mama yako simu pale pale, mbele ya wagonjwa wengine, na mama yako akajibu bila hata kufikiri, mwezi mpaka siku. Mimi miaka ile, unajua, tulikuwa hatusalimiani.

Nikiwa kwenye gari la kurudi nikakumbuka Marko 9. Nimelihubiri fungu lile kwenye ibada za jumuiya sijui mara ngapi na nilikuwa sijawahi kuona. Yule baba anamleta mwanawe anayeanguka motoni na majini, anatoka povu, na kabla ya kufanya lolote Bwana Yesu anamwuliza, "Amepatwa na haya tangu lini?" Anajibiwa, "Tangu utoto." Ni swali lile lile la muuguzi! Bwana mwenyewe alichukua historia ya mgonjwa. Na yule baba alijua, kwa sababu alikuwapo.

Utaniambia Marko ameandika pepo. Ndiyo. Na Mathayo, habari hiyo hiyo, sura ya 17, ameandika kifafa. Nimelala na hayo mawili usiku mzima na sitajifanya nimeyamaliza. Ila naona jambo moja: yule baba aliposema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," hakufukuzwa. Hakuambiwa imani yako ndogo ndiyo inayomchelewesha mtoto. Mtoto aliponywa hivyo hivyo, baba akiwa na imani yake nusu. Sasa huyo mhubiri wenu anayekufundisha kwamba kumeza kidonge ni kumkana Mungu, anasoma Biblia ipi? Hezekia alipokuwa karibu kufa, Isaya nabii, nabii kweli kweli, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka, Paulo anamwita tabibu mpendwa, hakumwambia aache kazi. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Timotheo! Mchungaji mwenye imani ya bibi yake na ya mama yake, na bado tumbo lilimsumbua, na Paulo hakumtumia kitambaa cha upako.

Na Yakobo 5 usinitajie, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Imeandikwa mgonjwa na awaite wazee. Wao ndio wanaokwenda, kwa miguu yao, nyumbani kwa mgonjwa. Haikuandikwa mgonjwa apange foleni saa tisa usiku na risiti mkononi. Mafuta hayanichukizi. Ukinialika nitakuja nimpake mimi, mafuta ya alizeti ya mama yako, bure, tukimaliza tunakwenda wote kliniki.

Mdogo wako ameniambia kuhusu sadaka ya kujimaliza ya mwezi wa kumi. Usimgombeze, nilimbana mimi. Mshahara mzima! Wewe uliyefaulu mitihani ya uhasibu ya NBAA, karatasi yake niliibeba mpaka kwa fundi baiskeli kumwonyesha, na fundi mwenyewe hajui kusoma. Mtu akikuletea hesabu kazini kwako, fedha zinaingia hazitoki, hakuna stakabadhi, hakuna kamati, wewe si ndiye wa kwanza kupiga kelele? Soma tena 2 Wafalme 5, lakini usiishie Naamani alipopona, endelea. Elisha aliapa kwamba hatapokea kitu, na Naamani alikuwa na mali ya kutosha. Aliyekimbilia gari kudai fedha na mavazi alikuwa Gehazi, na unajua alirudi na nini mwilini. Na huyo Naamani kilichomuudhi ni nini? Alidhani nabii atatoka nje, asimame, apitishe mkono, watu waone. Akaambiwa akaoge mtoni, tena mto ambao kwao kuna mizuri zaidi. Benchi la kliniki, kupima uzito, kusubiri jina lisomwe huku mtoto analia njaa, hiyo ndiyo Yordani yako, Mama. Haina spika wala kwaya. Mpeleke.

Ng'ombe amezaa, tarehe 29, jike. Mama yako alitaka apewe jina lako nikakataa. Maziwa ya mwanzo tumemwachia ndama kama inavyotakiwa. Goti la mama yako ni lile lile, anachuja dawa zake, anazimeza akisikia maumivu tu. Naye nimemwambia. Jana baada ya ibada kwenye mnada mkungu wetu wa ndizi ulinunuliwa 15,000 na mgeni wa mjini asiyejua bei, nami nikanunua jogoo nisiyemhitaji kwa sababu hakuna aliyekuwa anapanda dau na mtoto aliyemleta alikuwa ameanza kutazama chini. Zamu yetu ya mfereji imesogezwa usiku. Haya mengine mdogo wako atakueleza.

Nilikuwa wapi. Kwenye wahubiri wa mafuta. Uwanja wa Majengo, pale Moshi. Sitaki kukutisha, ila wewe ni wa huku na unalijua. Februari mosi 2020, Jumamosi jioni, watu 20 walikufa pale wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako ya mhubiri, na watoto walikuwamo. Walikwenda kutafuta uzima, kama wewe. Siku hizi nikipita kando ya uwanja ule kwenda sokoni sifikirii mhubiri, nawafikiria akina mama waliowabeba watoto wakawaingiza kwenye msukumano ule kwa mikono yao wenyewe, wakiamini kabisa.

Unaweza kusema, Baba naye ana mdomo gani, si ndiye aliyempeleka bibi Loliondo kunywa kikombe cha Babu? Ni kweli. Ulikuwa kidato cha nne, safari ile unaijua, na magari yale unayajua, sirudii. Mwaka 2011 wakubwa kwa wadogo walikuwa njiani kwenda Samunge, kijijini kwa Babu, na kwa kikombe cha shilingi 500 siwezi kusema niliibiwa. Wala sikumsikia mtu yeyote kule akituambia tutupe dawa. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kopo la majani ya chai lililokuwa na vidonge vya sukari vya bibi yako lilikaa kwenye kabati langu la madaftari tangu siku tuliyorudi hadi kidonda cha mguu kilipoanza kunuka, na ufunguo wa kabati lile unajua ninakoufunga. Aliniomba mara mbili. Nilimwambia, "Mama, usiharibu ushuhuda."

Mama yako hajui hili la kopo. Ukimaliza kusoma uichane hii karatasi ya pili.

Wewe umebeba jina la bibi yako, ndiyo maana nakuita Mama tangu ukiwa mchanga. Mpeleke mtoto kliniki.

Kusali, sali. Mimi sijakuambia uache maombi, na kusema kweli unasali kuliko mimi. Mkesha wa Krismasi nilikusikia unaomba jikoni, ukiwaombea mpaka wadai wa mdogo wako kwa majina, nikaona haya kwa maombi yangu ya kukariri. Ila ukienda kule Jumapili, nenda na Biblia yako, ile ya kipaimara, siyo ya kwenye simu, na ufanye kama wale wa Beroya waliomsikiliza Paulo kisha wakarudi kuchunguza kila siku kama mambo ndivyo yalivyo. Paulo hakuchukia. Huyo wenu akichukia, utajua.

Mdogo wako aliniambia pia kwamba siku ya kwanza ulipoingia kule, mtoto mgongoni, kuna mtu alikupokea mkoba akakupeleka kiti cha mbele. Nimekaa na habari hiyo muda mrefu, sina la kuijibu. Mwaka 2016, kwenye kile kikao cha wazee, katibu nilikuwa mimi. Jina lako liliposomwa wengine walinitazama kama nitasema neno, nami niliandika muhtasari. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote, unaweza kwenda kuutazama.

Mwezi huu siku ya kliniki, kwa jinsi nilivyosoma nyuma ya kadi, ni Alhamisi tarehe 18. Nitakuwa huko. Nimeshakata tiketi, basi la Jumatano alfajiri, kwa hiyo usianze kunipigia kunikataza, fedha hairudishwi. Kama kwako hakuna nafasi nitalala kwa mdogo wako. Asubuhi nitamshika wajina wangu mkono tukapange foleni, mimi nina muda, mstaafu hana anakowahi. Wewe ukipata ruhusa kazini, njoo. Ukikosa, niandikie kwenye kikaratasi tarehe zote, alianguka lini na lini, tangu ile ya kwanza, ili wakiniuliza safari hii niweze kujibu.

Boksi litafika stendi ya Mbezi Jumatano usiku, namba ya kondakta imeandikwa ubavuni. Nimeshamlipa, akikudai mwambie umeongea na Mwalimu. Mshare ni za mtori, pika mapema zisianze kuiva. Parachichi zipange mbali na jiko. Mtindi umefungwa na mama yako, ukivuja mlaumu yeye. Kadi iko kwenye bahasha ya kaki, nimeibandika chini ya mfuniko isilowe.

Mama yako anauliza pia ule mwiko mkubwa wa mninga, kama mliubeba nyinyi au uliondoka na shangazi yako.

Baba yako