Risala ya Wahudumu wa Afya ya Jamii wa Nyalenda, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, viongozi, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunakukaribisha Nyalenda kwa moyo mkunjufu na kukushukuru kwa kuyaacha majukumu yako mengi ili uwe nasi.

Kikundi hiki kilianza na wanawake tisa waliochanga pesa kila Jumamosi. Leo tumefika thelathini na wanne, tuna hema letu na viti sitini, na tangu korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020 hakuna ploti mtaani humu ambayo hatujaipigia hodi.

Mheshimiwa, katika kupiga hodi huko tuliulizwa sana: dawa mpya hujaribiwa kwa nani, na majibu huenda wapi? Katibu wetu alikwenda saiba pale Kondele, akanakili kwa mkono nambari za majaribio ya tiba yaliyosajiliwa, zile zinazoanza kwa NCT za sajili ya Marekani na PACTR za sajili ya Afrika. Alikuta kwamba majaribio ya korona yalisajiliwa kwa mamia katika miezi michache, mengi yakiwa madogo, mengi yakirudia dawa ileile ya malaria, hidroksiklorokwini, na machache mno yakiwa barani mwetu. Uingereza, jaribio moja kubwa, RECOVERY, liliandikisha wagonjwa zaidi ya 11,000, na kufikia Juni 2020 lilikuwa limeonyesha kuwa hidroksiklorokwini haiwafai waliolazwa, ilhali deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, hupunguza vifo vya walio kwenye mashine za kupumulia kwa takribani theluthi moja. Inatuuma kuwafikiria waliotoa damu yao katika majaribio madogo yaliyokoma bila jibu lolote.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka kila utafiti usajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya. Hata hivyo, mama mmoja wa hapa angali ametunza fomu yake ya ridhaa katika bahasha ya kaki, ikiwa na alama ya kidole gumba chake kwa wino wa buluu, na hakuna aliyerudi kumweleza kilichopatikana.

Ombi letu ni moja: chumba, kompyuta yenye intaneti, na karani wa kusoma sajili hizo kila mwezi na kubandika ubaoni, kwa Kiswahili na Dholuo, jaribio gani linaendelea kwetu na lililokwisha lilipata nini. Ombi hili si geni. Mgeni wetu wa 2021 aliahidi kulitimiza kabla ya Krismasi. Wa 2023 aliahidi mbele ya kamera, tukampigia vigelegele. Meza tuliyoichongesha kwa michango yetu ingali imefunikwa leso, ikingoja kompyuta.

Kwa kuwa tunakujua kuwa mtu wa neno lako, tunakuomba kwa heshima zote utuachie leo jina la afisa atakayelishughulikia jambo hili na tarehe ya sisi kumwendea. Daftari la katibu na kalamu viko mezani pako.