Kaka wa Ohio, kwanza ujue nani aliichonga kabla yako

Mhariri,

Nimesoma barua ya kaka yetu aliyeko Ohio, anayeuliza kama atie fedha kwenye rivolva yake ya mtumba (bastola ya silinda inayozunguka) aibadilishe, au aachane nayo anunue nyingine. Nimesoma pia wasomaji wawili waliomjibu kwamba aichonge tu, kwa kuwa chuma cha zamani ni kigumu kuliko cha siku hizi. Naomba nafasi niseme na mimi, maana chuma hicho cha zamani nimekishika kwa mikono yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Irving, jirani na Dallas, Texas. Natunza wazee majumbani, zamu ya jioni, narudi kwangu saa sita za usiku. Nyumba ya jirani ilipovunjwa kwa mara ya pili ndipo nilipoamua kununua silaha. Nilitaka rivolva kwa sababu ya vidole. Bastola ya magazini inataka uvute chuma cha juu kwa nguvu, nami nina baridi yabisi. Rivolva unafungua silinda, unatia risasi sita, unafunga, basi.

Nikaipata kwenye duka la rehani kwa dola 220. Nikajaza fomu ya serikali, nikakaguliwa, nikatoka nayo. Mtutu wake mfupi, wa inchi mbili hivi, imepakwa nikeli inang'aa kama sinia la harusi. Tatizo nililoliona lilikuwa dogo: mpini mwembamba, triga nzito. Nikajisemea nitamlipa fundi abadilishe mpini, alainishe triga, aweke na kilengeo kinachoonekana. Yaani nilikuwa pale pale alipo kaka wa Ohio.

Maganda ndiyo yaliyonizuia. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha nilipiga risasi sita za aina ya .38 Special. Nikafungua silinda nitoe maganda, hayatoki. Mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Bukavu aliyenisindikiza, alitoa kalamu ya risasi kwenye mkoba tukayasukuma moja moja kutoka mbele. La kwanza lilikuwa limevimba upande mmoja karibu na kitako, kama chatu aliyemeza kuku. La nne lilikuwa limepasuka, ufa wa urefu wa ukucha, na kingo zake zimeungua nyeusi. Nilihisi joto la baruti kwenye kidole gumba pale pale lilipolia, nikadhani ndivyo rivolva zote zilivyo.

Nikaipeleka kwa fundi, mzee wa zaidi ya miaka sabini mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Hakuuliza ninataka mpini gani. Alichukua lile ganda lililopasuka akalipima, akapima na tundu la silinda, kisha akaiinamisha rivolva chini ya taa akanionyesha herufi V mbele ya namba yake, na ubavuni mwa mtutu namba ndogo: .767. Nikeli ilikuwa imezifunika nusu. Akaniambia hiyo V ni ya kiwanda, ya rivolva za wakati wa vita, na ile namba ndogo ni muhuri wa Uingereza: .767 ni urefu, kwa inchi, wa ganda ambalo silaha ilitengenezewa, karibu milimita 19 na nusu. Ganda la .38 Special lina zaidi ya milimita 29.

Hapo ndipo nilipoelewa nimenunua nini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa kiwanda cha Marekani cha Smith & Wesson walitengeneza rivolva nyingi sana kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na nchi ilizoziongoza, zenye kutumia risasi fupi nene iitwayo .38 S&W. Vita vilipokwisha nyingi zilirudi Marekani kuuzwa kwa bei ya chini. Wafanyabiashara wakakata mitutu iwe mifupi, wakachimba matundu ya silinda yaingie .38 Special, risasi ndefu zaidi lakini nyembamba. Mbele wakachimba, nyuma tundu likabaki lile lile pana. Tofauti ni kama sehemu mbili za kumi za milimita. Inaonekana si kitu, ila kila ukipiga, ganda linatanuka kulijaza pengo hilo, na mengine hayahimili.

Watu wa Dallas wana sababu ya kuijua silaha ya namna hii. Ile rivolva iliyomuua askari polisi wa Dallas J. D. Tippit tarehe 22 Novemba 1963, chini ya saa moja baada ya Rais Kennedy kupigwa risasi mjini humo, ilikuwa moja wapo: imetoka Uingereza, mtutu umekatwa, matundu yamechimbwa, imeagizwa kwa posta kwa dola 29.95. Wataalamu wa shirika la upelelezi la FBI walishindwa kusema kwa uhakika kwamba risasi zilizomuua zilipita kwenye mtutu huo, kwa kuwa risasi zilikuwa nyembamba kuliko mtutu wenyewe.

Kuna na la pili. Mwishoni mwa vita kiwanda kiliongeza kizuizi kipya cha nyundo (kile chuma kinachogonga risasi) ili isigonge silaha ikianguka, baada ya baharia kuuawa na rivolva iliyodondoka. Yangu ni ya kabla ya hapo. Mimi nina watoto watatu. Naifungia kwenye kasha la chuma, lakini mkono wa baridi yabisi huangusha hata kikombe.

Fundi alisema silinda nyingine, mtutu mwingine na kazi yake vingepita dola 400. Sikukubali. Nilinunua nyingine ya kiwanda hicho hicho, iliyotengenezewa .38 Special tangu mwanzo, iitwayo Model 10, iliyowahi kuwa ya polisi. Imechakaa rangi ubavuni kwa kuingia na kutoka kwenye ala, ndani ni safi. Fundi aliivuta nyundo nyuma, akaishika silinda kwa vidole viwili akaitikisa, akatia taa kutazama mtutu, kisha akatikisa kichwa kukubali. Hiyo nimeibadilisha mpini tu, wa mpira, dola 30. Triga alikataa kuigusa. Alisema wengi hulegeza springi ili triga iwe laini, halafu nyundo inagonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi kwa unyonge na risasi hailii siku unapoihitaji. Vidole vyangu vimeizoea.

Kwa hiyo kaka, mpini badilisha hata leo kama silaha ni nzima. Lakini triga, mtutu na silinda usivitie senti kabla fundi hajaipima na kusoma mihuri yake. Kama imekwisha kuchongwa na mtu usiyemjua, nunua nyingine.

Ile ya kwanza duka lilikuwa tayari kuichukua tena kwa dola 90. Nilikataa, kwa sababu wangemuuzia mtu mwingine. Nimemwachia fundi aikate vipande. Maganda sita ninayo bado kwenye gilasi dirishani jikoni, na nimeambatanisha picha ya lile la nne. Ukipata nafasi, Mhariri, ichapishe kaka wa Ohio aione.

Msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu, Irving, Texas